Je, Simu Yako Inatunza Siri za Nyumba Yako?

Usiku mmoja, watoto wakiwa wamekwisha kulala, nilikaa jikoni peke yangu na simu mkononi. Siku mbili kabla ya hapo, nilipokuwa naoga, nilikuwa nimegusa uvimbe mdogo kwenye titi langu la kushoto. Sikumwambia mtu. Baba watoto alikuwa safarini, nami sikutaka kumtia wasiwasi akiwa mbali. Nilijiambia, niende kwanza hospitali, nisikie daktari atasema nini, ndipo niyaseme nyumbani. Lakini moyo haukutulia. Nikafungua intaneti na kuandika maneno matano: dalili za saratani ya matiti, pamoja na neno la sita ambalo sikulitia maanani, kwamba nilikuwa naandika kwenye simu ya watu wote.

Simu ile ndiyo watoto wanayotumia kwa kazi za shule. Nilisoma mpaka saa saba ya usiku, nikaifunga, nikasali, nikalala.

Siku nne baadaye nilipigiwa simu na mama yangu mzazi kutoka kijijini. Hata salamu hakuzimaliza. “Mwanangu,” alisema, “mbona unaumwa hivyo na husemi? Mimi nimekuwa mtu baki?” Nikaishiwa maneno. Nilipomwuliza ameyasikia wapi, alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Mjukuu wangu analia. Usimgombeze.”

Jioni ile nilimwita binti yangu, mwenye umri wa miaka 13. Akanieleza huku machozi yakimtoka. Alikuwa amepewa kazi ya sayansi kuhusu malaria. Alipoandika “dalili za” tu, simu ikammalizia sentensi kwa maneno yangu ya usiku ule. Akagusa, akaziona kurasa zote nilizosoma. Kwa siku tatu mtoto alikuwa hali vizuri, nami nilidhani ni uchovu wa shule. Aliogopa kuniuliza, akampigia bibi yake.

Namshukuru Mungu, vipimo vilionyesha kuwa uvimbe ule haukuwa saratani. Lakini zile siku tatu za mwanangu kubeba mzigo peke yake siwezi kuzirudisha. Simu haikuwa mbovu. Ilifanya kazi yake kama ilivyotengenezwa. Mimi ndiye sikujua kazi hiyo ni ipi. Tangu siku hiyo nimejifunza mengi, na ningependa tuyatazame pamoja, mama msomaji.

Mwenye haki aogope nini?

Nilipowasimulia akina mama wenzangu, mmoja alisema, “Mimi sina la kuficha. Wasome wakitaka.” Wengi wetu tunafikiri hivyo. Tumelelewa kuamini kwamba afichaye jambo ana kosa.

Lakini tufikiri kidogo. Tunapooga tunafunga mlango, wala si kwa sababu tunafanya uovu. Tunaweka mapazia madirishani. Mama anayemfundisha binti yake mambo ya hedhi hafanyi hivyo sebuleni mbele ya wageni. Mume na mke wenye upungufu wa fedha hawaongei habari hiyo kwa sauti ya kusikika kwa jirani. Hiyo ndiyo faragha. Ni stara ya nyumba. Kuna mambo ambayo ni mema kabisa, lakini yana wakati wake wa kusemwa na mtu wake wa kuambiwa. Mimi sikutaka kumficha binti yangu milele. Nilitaka asikie kutoka kinywani mwangu, siku ambayo ningekuwa na jibu.

Sheria nazo zinalitambua jambo hili. Katiba ya Tanzania, katika Ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake binafsi, familia yake na mawasiliano yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema jambo kama hilo katika Ibara ya 31.

Ni nani wanaoona?

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Siku hizi kata ni simu. Inachota maisha yetu kila siku, na inawagawia watu wa namna tatu.

Wa kwanza ni watu wa nyumbani, wanaoishika simu ileile. Programu ya kufungulia kurasa, inayoitwa kivinjari, huandika orodha ya kila ukurasa uliofunguliwa na saa yake. Orodha hiyo ndiyo iliyonifichua mimi.

Wa pili ni wenye tovuti unazozitembelea, pamoja na wafanya biashara ya matangazo. Unapofungua ukurasa, tovuti huacha katika simu yako kijifaili kidogo kinachoitwa kidakuzi. Kilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli, aliyekuwa fundi wa kampuni ya Netscape nchini Marekani, ili duka la mtandaoni liweze kukumbuka mteja ameweka nini kwenye kikapu chake. Shabaha yake ilikuwa njema. Lakini baadaye makampuni ya matangazo yakaanza kuweka vidakuzi vyao ndani ya tovuti za watu wengine. Ni kama mtu mmoja kuweka mpelelezi wake katika kila duka la mtaa. Duka la dawa halijui ulinunua nini kwenye duka la nguo, lakini mpelelezi yule anajua yote mawili, na anajua pia kwamba ulipita benki. Ndiyo sababu ukitazama bei ya godoro asubuhi, magodoro hukufuata mpaka jioni kwenye kurasa za habari.

Wa tatu ni wale wanaokupitishia intaneti yenyewe: kampuni ya simu, mwajiri wako kama unatumia kompyuta ya ofisini, au mwenye hoteli anayetoa intaneti ya bure. Tovuti nyingi za leo hufunga mawasiliano kwa kufuli, na anwani zake huanza kwa herufi https. Kwa kufuli hiyo, aliye njiani anaweza kuona umekwenda tovuti gani, lakini haoni umesoma ukurasa gani wala umeandika nini. Anwani ikianza kwa http bila ile s, usiandike humo neno la siri wala namba ya benki. Lakini kumbuka, kufuli haina maana kwamba mwenye nyumba ni mwaminifu. Hata tapeli anaweza kununua kufuli.

Pazia linalofunika upande mmoja

Kijana wa jirani aliponisikia aliniambia, “Shangazi, ungetumia dirisha la siri.” Ni kweli, na kila mama anayechangia simu na watoto inafaa alijue. Vivinjari vingi vina dirisha la namna hii. Kwenye menyu ya kivinjari cha Chrome kwa Kiswahili huitwa hali fiche. Ukilifungua, ukasoma, kisha ukalifunga, simu haiweki kumbukumbu ya kurasa hizo, na vidakuzi vya safari hiyo vinafutika.

Lakini pazia hili linafunika upande wa ndani ya nyumba tu. Tovuti uliyoitembelea bado imekuona. Kampuni ya simu bado inajua ulikokwenda. Na ukiingia kwenye akaunti yako ukiwa humo ndani, umeshajitaja jina. Wengi hawakulijua hilo. Mwaka 2020 watumiaji kadhaa nchini Marekani walifungua kesi wakidai kwamba kampuni ya Google iliendelea kukusanya habari zao walipokuwa katika dirisha hilo. Mwaka 2024 Google ilikubali, katika mapatano ya kesi hiyo, kufuta mabilioni ya kumbukumbu na kueleza wazi zaidi mipaka ya dirisha lenyewe. Basi litumie, lakini ujue kazi yake.

Kalenda ya mwanamke

Kuna programu ambazo wanawake wengi wanazo simuni, za kuhesabu siku za hedhi na kufuatilia ujauzito. Zina msaada. Lakini hebu fikiria zinachokijua: siku zako, kama unatafuta mtoto, kama mimba imeharibika. Kuna dada wa tumbo moja ambao hawaambiani mambo hayo.

Programu moja maarufu ya namna hii inaitwa Flo, na ilikuwa imetumiwa na wanawake zaidi ya milioni 100. Mwezi Januari 2021 mamlaka ya serikali ya Marekani inayolinda watumiaji ilitangaza mapatano na wenye programu hiyo, baada ya kuwalaumu kwamba waliwaahidi wanawake usiri, kisha wakapeleka habari za afya zao kwa makampuni mengine, yakiwemo Facebook na Google. Katika mapatano hayo walitakiwa wasipeleke tena habari hizo bila idhini ya mwenyewe.

Sisemi kila programu ni mbaya. Ninachosema ni kwamba kalenda ya karatasi iliyo ndani ya droo ya kabati haijawahi kupeleka habari za mtu popote. Ukipenda ile ya simu, usiandike jina lako kamili, na usiandike zaidi ya unachohitaji kukumbuka.

Mkopo wa dakika tano

Huku kwetu, hatari iliyowaliza akina mama wengi zaidi ni programu za mikopo. Ada ya shule inadaiwa, mshahara haujaingia, na tangazo linasema utapata fedha kwa dakika tano bila dhamana. Unapoiweka programu kwenye simu, inauliza: je, unaruhusu isome majina yote yaliyo kwenye simu yako? Isome ujumbe wako? Ione picha zako? Kwa haraka ya shida, mtu anagusa “ruhusu” mara tatu.

Kumbe dhamana ameshaitoa. Dhamana ni heshima yake. Akichelewa kulipa, ujumbe unatumwa kwa mama mkwe, kwa mwalimu wa watoto, kwa mweka hazina wa kikundi, ukisema kwamba fulani ni mdaiwa sugu. Wako waliopata kujua deni la mke wao kwa njia hiyo, na ugomvi uliofuata ulikuwa mkubwa kuliko deni lenyewe.

Serikali zimechukua hatua. Nchini Kenya, kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 ziliwataka wakopeshaji wa simu wawe na leseni, na zikakataza kuwapigia watu walio kwenye orodha ya simu ya mkopaji ili kumwaibisha. Mwaka 2023 mkopeshaji mmoja alitozwa faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu alizozipata kwa wengine ili kuwatumia ujumbe wa vitisho. Nchini Tanzania, Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kwa hiyo kabla ya kukopa, uliza kwanza kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Na programu yoyote inayotaka kusoma majina ya watu wako, iambie hapana. Ikikataa kukupa mkopo kwa sababu hiyo, imekuonyesha tabia yake mapema.

Picha za watoto

Tunawapenda watoto wetu na tunafurahi kuwaonyesha. Lakini picha ya mtoto akiwa na sare ya shule, pamoja na jina lake na siku yake ya kuzaliwa, inampa mgeni mambo matatu: anaitwa nani, ana umri gani, na anapatikana wapi saa sita mchana. Picha ya mtoto akioga kwenye beseni inachekesha leo. Atakapokuwa na miaka 15 na wenzake wakaipata, hatacheka.

Shule nazo zinapaswa kuwa na adabu hiyo. Mwaka 2023 shule moja ya jijini Nairobi ilitozwa faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za wanafunzi wadogo bila idhini ya wazazi. Mama, una haki ya kumwuliza mwalimu mkuu picha za mwanao zinapelekwa wapi, na una haki ya kukataa.

Kati ya mume na mke

Hapa tuseme taratibu, maana kuna wanaolichukua neno faragha kama ruhusa ya kufanya mambo gizani. Sivyo. Mume na mke wanaoaminiana hawana sababu ya kuogopana kwa ajili ya simu. Sisi kwetu tumekubaliana: kila mmoja anajua neno la siri la mwenzake kwa ajili ya dharura, na hakuna anayepekua simu ya mwenzake bila kumwambia. Kuaminiwa ni kule kujua kwamba mlango unafunguka, na bado unabisha hodi. Nyumba yenu inaweza kuwa na makubaliano mengine. La muhimu ni kwamba yawepo, na yawe ya wawili.

Lakini wako pia akina mama ambao simu kwao ni pingu. Mume anasoma kila ujumbe, anataka kujua kila hatua, na mkono wake ni mwepesi. Mama aliye katika hali hiyo, anapotafuta msaada, asitumie simu ambayo inakaguliwa. Kufuta kila kitu kwa ghafla nako kunaweza kuamsha hasira. Ni salama zaidi atumie simu ya ndugu au rafiki anayemwamini, au aende mwenyewe. Nchini Tanzania vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto kwa ajili ya mambo haya. Nchini Kenya kuna namba 1195, isiyolipiwa. Na wewe ambaye kwako kuna amani, siku dada huyo akikuomba simu yako kwa dakika kumi, mpe, wala usitazame baadaye alikuwa anatafuta nini.

Ya kufanya jioni ya leo

Huhitaji kuwa fundi. Kaa na simu yako kwa nusu saa, chakula kikiwa jikoni.

1. Weka neno la siri la kufungulia simu. Usitumie mwaka wako wa kuzaliwa wala jina la mtoto wa kwanza. Hayo kila mtu anayajua.

2. Fungua kivinjari, nenda kwenye historia, ufute usiyotaka yaonekane. Vidakuzi navyo vifute. Huenda tovuti zikakutaka uingize upya neno la siri, hivyo hakikisha unayakumbuka.

3. Nenda kwenye mipangilio ya simu, kwenye ruhusa za programu. Iulize kila programu kama ungemwuliza mgeni mlangoni: tochi, wataka majina ya ndugu zangu ya nini? Mchezo wa watoto, wataka kujua ninapokaa kwa nini? Isiyo na jibu, iondolee ruhusa.

4. Tovuti ikikuuliza kuhusu vidakuzi, usiguse “kubali vyote” kwa mazoea. Tafuta palipoandikwa kataa, au vile vya lazima tu.

5. Akaunti ya fedha na ya barua pepe ziwe na maneno ya siri tofauti. Namba ya siri ya fedha za simu usimwambie mtu yeyote anayepiga, hata ajitambulishe kuwa nani.

6. Ukitumia kompyuta ya dukani au ya ofisini, toka kwenye akaunti yako kabla hujainuka. Kufunga dirisha peke yake hakutoshi.

7. Kama simu ni ya watu wote nyumbani, yale ya kwako peke yako yasome kwenye dirisha la siri.

Na ikiwa kampuni imetumia habari zako vibaya, usinung'unike jikoni tu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kuna Tume ya kupokea malalamiko. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na ofisi ya Kamishna wake. Hifadhi ujumbe uliotumiwa, andika tarehe, kisha upeleke.

Tulichobaki nacho

Nimalizie kwa binti yangu. Jioni ile, baada ya kulia, nilimweleza yote: uvimbe, hofu yangu, na siku ya kwenda hospitali. Aliniuliza, “Mama, kwa nini hukuniambia?” Nikamjibu, “Nilitaka kukuambia nikiwa na jibu.” Akanyamaza, kisha akasema jambo ambalo sijalisahau: “Hata bila jibu ungeniambia. Ningekushika mkono.”

Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nakubali. Ukigusa uvimbe, usibaki na simu usiku kucha. Nenda hospitali mapema, na mwambie mtu mmoja unayemwamini. Faragha haikuwekwa ili tuteseke peke yetu. Imewekwa ili sisi wenyewe tuchague nani atatushika mkono, na lini. Uchaguzi huo ni wetu, wala tusiiachie simu utufanyie.

Siku ya majibu, binti yangu alikuja nami. Tulikaa kwenye benchi la hospitali, simu ikiwa imezimwa ndani ya mkoba, tukaongea mpaka jina langu lilipoitwa.